Kilo Zilizozidi Ni Mimi

Bado nina mchanga masikioni. Nimeoga, nimerudia kuoga, mke wangu amenitia mafuta ya mawese ya vuguvugu kwa unyoya wa kuku, na hata hivyo nikiinamisha kichwa upande wa kushoto kuna kitu kinachakarika humo ndani. Ni mchanga wa ufukweni Baraka, huku Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika. Niliupata mbele ya wauza ndagala, wamotari, wanafunzi wangu watoro na mama mkwe wangu, asubuhi niliposhushwa kwenye boti ya Kazimia kwa kosa la kujua habari za marehemu Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby.

Masikio na ziwa hili vina kesi ya zamani. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akilivuka Tanganyika kwa mtumbwi kwenda kutafuta jahazi la kukodi. Usiku mbawakawa akamwingia sikioni na kuanza kuchimba. Speke akamwaga siagi iliyoyeyushwa, mdudu asitoke. Akachukua kisu kidogo akamchokonoa. Mdudu alikufa, sikio likaumuka, na kwa muda mrefu baadaye Speke akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi. Jahazi hakulipata. Mwenzake Richard Burton alipita maji yetu mwaka huohuo akidhani rasi ya Ubwari ni kisiwa, na ramani zikampa ghuba yetu ya Baraka iitwe kwa jina lake. Mimi nimepewa mchanga.

Afadhali ningeshushwa kwa kukosa nauli. Kukosa nauli hakumvunjii mtu heshima huku Fizi. Hakuna nyumba ambayo haijapatwa. Hata ulevi ungesameheka. Lakini kushushwa kwa sababu ya elimu, tena umekwisha kulipa, huwezi hata kuwaeleza watoto nyumbani wakaelewa.

Kwanza mjue namna watu wanavyopanda, maana kupanda kwenyewe ni fani. Pale tunapopandia, boti haifiki nchi kavu. Inaelea mahali maji yanapomfika mtu mzima kifuani, na abiria hubebwa na vijana ambao riziki yao iko mabegani. Mwanamume hukalia shingo, miguu ikining'inia mbele. Mama mtu mzima hubebwa mikononi, kiubavu, ili kitenge kisilowe. Mzee mnene hupewa vijana wawili waliofungamanisha mikono, na huombwa asipumue sana. Usimshike mbebaji machoni. Usigeuke nyuma kuaga watu, kwa sababu ukigeuza kiuno chako umegeuza na chake.

Kinachonishangaza siku zote ni bei. Hakuna bei moja. Kijana hukutazama ungali juu ya mchanga, anaanza na kiuno, anapanda mashavuni, anashukia viatuni, halafu anataja pesa. Hakosei. Nilimwona bwana mmoja wa koti kubwa akitajiwa bei ndogo kuliko mwembamba aliyesimama kando yake. Tukamcheka kijana. Kumbe yule mwembamba alikuwa amejifunga vifuko vya misumari kiunoni, ndani ya shati, ili asilipie mzigo. Vijana hawa ndio mizani pekee inayofanya kazi katika ufuko mzima. Kila kilo iliyomo botini imepita juu ya shingo zao kwanza. Ukitaka kujua boti imebeba kiasi gani, usiende kuuliza ofisini, waulize wao wameguna mara ngapi.

Siku hiyo nilibebwa vizuri. Nikawekwa juu ya godoro langu jipya, lililokuwa zawadi ya ukweni. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na omo, amenipa mgongo kama adabu inavyotaka. Humo ndani mlikuwa na magunia ya unga wa muhogo, mabati, makreti ya bia, bidoni za mawese, mbuzi waliofungwa miguu, pikipiki iliyolazwa, na jamaa mmoja aliyeonekana kulala humo tangu boti ilipoundwa. Majile ya kuokolea yalikuwapo, tusiseme uongo. Yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kamba na kutiwa kufuli, yasije yakaibiwa. Nikateremsha mkono nje nikapima: kutoka ukingoni hadi kwenye maji, vidole vinne. Na ufukweni bado kulikuwa na watu wanaokunja suruali.

Nikauliza kwa upole wote niliojaliwa: "Kapiteni, mstari wa mzigo uko wapi?"

"Mustari gani, Mwalimu?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba meli kubwa duniani zimechorwa ubavuni duara lenye mstari wa kulala katikati, na kwamba maji yakiufikia mstari unaohusika haipandishwi tena hata pakiti ya chumvi. Watu wakasogea. Mama mmoja wa ndagala akauliza ni rangi gani. Nikasema nyeupe au manjano kama ubavu ni mweusi, nyeusi kama ubavu ni mweupe. Mwingine akauliza nani aliyeuleta, nikamtaja Plimsoll. Wasikilizaji wa namna ile sijawahi kuwapata darasani, kwa kuwa wa darasani hutorokea dirishani, na wale walikuwa wamezungukwa na maji.

Basi nikaendelea, na wewe msomaji nivumilie, maana jambo lenyewe ni tamu. Kando ya lile duara kuna mistari mifupi iliyopangwa juu na chini, kila mmoja una herufi zake. S ni majira ya joto baharini. W ni majira ya baridi. WNA, ulio chini kuliko yote, ni baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, ambako mawimbi hayamjui mtu. T ni bahari za nchi za joto. F ni maji yasiyo ya chumvi. Na ule wa juu kabisa, TF, ni maji yasiyo ya chumvi ya nchi za joto. Huo ni wetu! Hawakututaja, lakini herufi zetu zimo.

Sababu ni chumvi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Ya ziwa letu ni kilo 1,000 hivi. Chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe, na hapo ndipo kinapotulia. Sasa chukua boti ya tani 41, pamoja na watu na mbuzi wake. Baharini itasukuma mita 40 za ujazo, basi, imetosheka. Ziwani ni lazima isukume mita 41. Ile mita moja ya nyongeza haitoki mbinguni, boti huitafuta kwa kudidimia. Boti ni ileile, magunia ni yaleyale, na mbuzi hawajazaa. Ihamishe tu kutoka Dar es Salaam uilete Baraka, imekwisha kushuka. Ndiyo maana meli inayopakia mtoni huruhusiwa kuzama zaidi kidogo kwenye karatasi: ikiingia baharini chumvi itaiinua. Zetu haziendi baharini. Zikishuka zimeshuka.

Nilipofika hapo nilikuwa nimesimama juu ya godoro.

"Basi tuende Dar es Salaam," akasema yule aliyelala, bila kufumbua macho.

Boti nzima ikacheka, na kicheko cha boti ya vidole vinne si kitu cha kuomba. Kapiteni akangoja itulie. "Mwalimu, tumesikia. Boti imezidi. Sasa nani atoke?"

Nikatazama huku na huku. Mama wa ndagala akakumbatia gunia lake. Kulikuwa na kijana anayempeleka dada yake hospitali, na wazee wa msiba, na mtu mmoja aliyesema wazi kwamba anakwenda kudai deni lake kabla mdeni hajahama. Mbuzi nao walikuwa na wenyewe. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna sababu iliyokuwa na uzito mdogo kuliko yangu.

"Mimi nimehesabu," akasema kapiteni, amevua kofia kwa heshima. "Kilo yenye imezidi ni weye, Mwalimu."

Mama mkwe hakugeuka. Mkwe hazungumzi na mkwe hadharani. Alimwambia jirani yake, kwa sauti ambayo naamini Ubwari waliipata: "Mumuambie mukwe wangu ateremuke, jua linapanda."

Nikateremka. Kijana aliyenileta ndiye aliyeitwa kunirudisha, na kwanza alitaja bei, kubwa kuliko ya kwenda. Nikamuuliza imepandaje hali kilo ni zilezile. "Wakati wa kwenda ulikuwa umenyamaza," akanijibu. Tulipokaribia mchangani mtu akapiga kelele, "Plimusoli!" Nikageuka nimwone ni nani. Habari za kugeuka nimekwisha kuwaeleza.

Godoro lilisafiri.

Na boti ilifika Kazimia salama, kabla ya giza, hakuna aliyelowa isipokuwa mimi niliyebaki nchi kavu. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikipita sokoni siku hizi husikia, "Mwalimu, si unaona, ilifika." Na huo ndio ushahidi wetu wote ziwani: ya jana ilifika, ya juzi ilifika, kwa hiyo vidole vinne vinatosha. Isiyofika haina abiria wa kuja sokoni kubishana.

Plimsoll mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyeingia bungeni mwaka 1868. Zama zake Waingereza walikuwa na jina la meli fulani, "coffin ships", meli za majeneza. Unachukua chombo kikuukuu, unakijaza hadi ukingoni, unakikatia bima kubwa kuliko thamani yake. Kikifika umepata nauli. Kisipofika umepata zaidi. Baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, kisha akakiona chombo chenyewe na kukataa kupanda, alipelekwa gerezani. Nimezisoma habari hizo zaidi ya mara moja nikajisikia nafuu. Mimi nilitaka kubaki botini nikateremshwa. Wao walitaka kubaki nchi kavu wakafungwa.

Mwaka 1873 akatoa kitabu, Our Seamen. Tarehe 22 Julai 1875, serikali ya Waziri Mkuu Disraeli ilipouweka kando muswada wa usalama wa meli, Plimsoll alisimama bungeni akatikisa ngumi, akawaita wenzake majina ambayo spika hakuyapenda, akaamriwa atoke. Naye alishushwa, kwa ufupi. Lakini nchi nzima ikapiga kelele upande wake, na mwaka 1876 sheria ikapita: kila mwenye meli lazima achore mstari.

Achore wapi? Sheria ile haikusema. Popote apendapo. Husimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliuchora juu ya dohani ya moshi. Ilibidi kungojea hadi 1890 ndipo mahali pa mstari pakawekwa na sheria badala ya mwenye meli. Nilipomsimulia kapiteni wetu kisa cha dohani, tukiwa salama nchi kavu, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema sheria ya namna hiyo hata yeye angeifuata, shida ni kwamba boti yake haina dohani.

Ugonjwa wangu wa mambo ya mabaharia ulianza na kamusi. Kijana mmoja aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alinitilia kwenye simu The Sailor's Word-Book ya Admirali William Henry Smyth, iliyochapishwa mwaka 1867 mwenyewe akiwa amekwisha kufa, maneno ya mabaharia tu, mengi yao leo hata Waingereza hawayajui. Imeniponza zaidi ya mara moja. Nilimwambia mgeni mmoja Mwingereza akae "larboard", neno la upande wa kushoto ambalo jeshi lao la majini lililifuta mwaka 1844 kwa kuwa katika dhoruba lilichanganywa na "starboard". Akaniuliza kama ni hoteli. Niliposoma mahali pengine kwamba Alexander Graham Bell alitaka simu zijibiwe kwa wito wa mabaharia, "ahoy", nikampokea hivyo prefe, mkuu wetu wa shule, akakata.

Hata boti iliyonitema ina jina la ajabu kuliko hayo. Huku Kongo makaratasi ya kiserikali huziita boti zetu ndefu za mbao "baleinière", yaani chombo cha kuwindia nyangumi. Nyangumi wa karibu nasi yuko Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Baraka. Boti ya nyangumi ilichongwa ncha mbele na nyuma, ili ukishamchoma mnyama mkuki na akakasirika, urudi kinyumenyume bila kupoteza muda kugeuza chombo. Ni akili kubwa. Sisi tumerithi jina, akili ya kurudi nyuma ikabaki kwao.

Manowari pia tunazo katika Kiswahili, kutoka "man-of-war", ambalo Waingereza wenyewe wameliachia riwaya za zamani na kiumbe mmoja wa baharini anayewasha. Na si katika Kiswahili tu, ziwa hili limeziona. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Kigoma walitawala maji yote kwa vyombo vyao Hedwig von Wissmann na Kingani. Kisha wakaongeza Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikapita Dar es Salaam, ikapanda reli, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Waingereza wakajibu kwa boti mbili za mbao za futi 40. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, mtu aliyetembea ufukweni amevaa sketi, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaitia paka na mbwa, na wakubwa wakapitisha.

Manowari iitwayo Mimi! Fikirini mlinzi wa Kiswahili ufukweni, usiku wa giza.

"Nani huyo?"

"Mimi."

Vita nzima ingeweza kuishia hapo. Boti hizo ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikaenda kwa reli hadi Fungurume, halafu zikakokotwa na matrekta ya mvuke na maksai kupitia milima ya Mitumba, safu hiyohiyo inayotupa sisi mvua za Fizi, zikateremka mto Lualaba, zikapanda tena reli, zikaingia ziwani karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, Spicer-Simson akaipa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Lakini ninalolipenda mimi ni mzinga. Kila boti ilifungwa mzinga mdogo mbele, na ilikuwa nyepesi hivi kwamba mzinga ule uliweza kupigwa kuelekea mbele tu. Kuupiga ubavuni kungeivunja au kuipindua boti yenyewe. Kwa hiyo aliyetaka kulenga shabaha aligeuza manowari nzima. Watu wale walijua hasa chombo chao kinabeba nini na hakibebi nini. Na Wajerumani walipoizamisha wenyewe Götzen mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwanza, wakijua chuma kinavyokula kutu. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba.

Hapa kicheko changu huanza kukauka. Makasha ya Götzen yalihesabiwa. Futi za Mimi zinajulikana, mwendo wake unajulikana, siku alizoingia majini zinajulikana. Waliofyeka njia ya matrekta, waliokata magogo ya madaraja, waliochota maji ya kunywesha zile injini za mvuke, hao ni "wenyeji" tu katika vitabu. Ningesema hayo ni mambo ya wakoloni, yamepita. Lakini baada ya kushushwa nilikwenda, nikichuruzika maji, kwenye ofisi moja palepale ufukweni kuomba nirudishiwe nauli. Mtu aliyekuwa mezani akafungua orodha ya abiria. Jina langu limo. Nikamwambia mimi niko hapa. Akatazama karatasi, akanitazama, akasema karatasi imekwisha kupigwa muhuri na boti imeondoka, kwa hiyo nimesafiri. Watoto wote niliowaacha botini hawakuwamo katika orodha, wala waliobebwa baada yangu. Mimi nimo. Boti ile ingezama, ningetangazwa marehemu nikiwa natoa mchanga masikioni, na mtoto wa yule mama wa ndagala asingetafutwa na mtu wa serikali hata mmoja, maana hakuwahi kupanda.

Desemba 2014 meli MV Mutambala, yenye jina la mto wetu huku Fizi, ilizama katika ziwa hili upande wa Katanga. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, upepo ukaikuta. Walikufa watu zaidi ya 120. Septemba 2018, Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilichostahili kubeba abiria 101 kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya 220. Waliokufa walizidi mara mbili ya wote waliotakiwa kuwemo! Ukisoma taarifa za ajali za maziwa yetu utakuta mara kwa mara neno "takriban" mbele ya idadi ya watu. Magunia hayana takriban, mwenye mali anayajua moja moja. Nimeambiwa nisichanganye mambo, nauli yangu ni ndogo na ajali ni mipango ya Mungu. Nauli nimeisamehe. Lakini Mungu hakumtuma mtu ayatie majile kufuli.

Kuchora mstari si kazi ya chuo kikuu. Boti inawekwa tupu penye maji matulivu. Inapakiwa mizigo ambayo uzito wake unajulikana, na wale vijana wa mabega watataja kilo hata kabla hujauliza. Nimekwisha kuzungumza nao, wanataka malipo kidogo. Fundi aliyeiunda anasimama pembeni, anasema ubao kiasi gani lazima ubaki juu ya maji ziwa likichafuka, si likiwa limelala. Hapo ndipo panapochorwa, ubavu wa kulia na wa kushoto, ili hata asiyejua kusoma aone akiwa ufukweni kabla hajalipa. Anayechora asiwe mwenye boti. Kopo la rangi nyeupe linapatikana dukani Baraka, brashi ninayo. Namtafuta mwenye boti mmoja tu aliye tayari, awe wa Baraka, wa Mboko au wa Kazimia. Rangi na kazi ni juu yangu.